Nani Anayengoja Jibu? Uhakiki wa Elimu ya Vyombo kutoka Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Utangulizi

Mjadala juu ya vyombo vipya vya kufundishia umekwisha kuingia katika vyuo vyetu vya theolojia, na mara nyingi umeingia ama kwa mlango wa hofu ama kwa mlango wa shangwe. Wenye hofu husema kwamba kompyuta, kishikwambi, na hii inayoitwa akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, vitaua fikra za vijana wetu. Wenye shangwe husema kwamba vyombo hivyo vitamfikishia mtoto wa kijijini mwalimu ambaye serikali na Kanisa vimeshindwa kumpelekea. Katika makala hii ninakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zinauliza swali lisilo la msingi. Zinauliza chombo kinaweza kufanya nini. Swali linalotupasa sisi wachungaji na walimu ni hili: mwanafunzi anapojibu, ni nani anayengoja jibu lake? Na je, huyo anayengoja yuko tayari kupokea jibu ambalo yeye mwenyewe hakuwa nalo kabla?

Nitalifuata swali hili nikiwa nimekaa mahali pamoja, yaani Kigoma, Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako nimewahi kutumika. Mwambao huu ni mwisho wa reli iliyofika mwaka 1914, na vyombo vya kufundishia vimekuwa vikiwasili hapa kimoja baada ya kingine: ubao wa chuo cha Kurani, kitabu cha misheni, redio, na sasa kishikwambi. Kila kimoja kilikuja na ahadi zake. Kwa hiyo mtu akiwa hapa anaweza kuvipima kwa utulivu, bila kudhani kwamba historia imeanza jana.

Mahubiri yasiyokuwa na ziwa

Niruhusiwe kuanza na jambo lililonipata mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa theolojia aliletwa kwangu kwa mazoezi ya vitendo. Katika juma lake la pili, mvuvi wa dagaa wa kijiji jirani hakurudi kutoka ziwani. Ilikuwa majira ya kiangazi, wakati upepo wa kusini huvuma kwa nguvu, na mtumbwi wake ulionekana umepinduka. Siku ya tatu mwili ulikuwa haujapatikana, na ndugu wakaomba ibada ya faraja nyumbani kwa marehemu. Nilimpa kijana yule kazi ya kuhubiri.

Jioni aliniletea kurasa tatu. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Zaburi ya 23, Yohana 11 na Warumi 8 zilitajwa mahali pake, wala sikuona kosa la mafundisho hata moja. Lakini nilipomaliza kusoma niligundua kwamba marehemu yule angeweza kuwa mtu yeyote, aliyekufa kwa jambo lolote, mahali popote duniani. Katika kurasa zote tatu hapakuwa na ziwa.

Nilimwuliza ameyaandika lini. Hakuficha. "Baba Mchungaji, nimeiuliza simu, nikasahihisha kidogo."

Nikamwuliza, "Na mjane anasema nini?"

"Sijaenda kumwona, Baba Mchungaji. Nilidhani nitamkuta kesho kwenye ibada."

Tulikwenda usiku ule ule. Tulikaa muda mrefu na watu wa msiba bila kusema neno. Hatimaye yule mama akamgeukia kijana, si mimi, akamwuliza kama mtu aliyemezwa na maji, asiye na kaburi, anahesabiwa pamoja na wenye makaburi siku ile ya ufufuo. Kijana hakuwa na jibu tayari. Alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama, naomba nilale nalo hili swali, kesho nikujibu."

Kesho yake alihubiri kwa dakika kumi tu, kutoka Ufunuo 20, pale bahari inapotajwa kuwa nayo inawatoa wafu waliomo ndani yake. Alikwama mara mbili na mahali pamoja alirudia maneno. Lakini yule mama alimtazama muda wote, kwa maana alijua kwamba anajibiwa yeye.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilitaka kumkemea kijana kwa zile kurasa tatu za kwanza. Sikuweza, kwa sababu nilikumbuka jinsi mimi mwenyewe nilivyofundisha kwa miaka mingi. Nilikuwa naingia darasani na daftari langu, nasoma polepole, wanafunzi wananakili. Wakati wa mtihani nilitoa alama kwa kadiri majibu yao yalivyokaribia daftari hilo. Yule aliyeongeza fikra yake mwenyewe nilimwandikia pembeni kwamba ametoka nje ya mada. Wanafunzi waliozoezwa hivyo kurudisha maneno ya mtu mwingine yakiwa safi hawakuwa na sababu ya kuona kosa kuyachukua kwenye simu. Vijana wengi wa namna hiyo walianza kukutana na mashine zamani, na mojawapo ya mashine hizo ilikuwa mimi.

Wosia wa mwaka 1967

Kasoro hii haikuanza na simu, na mtu aliyeiona mapema ni Mwalimu Julius Nyerere. Katika kijitabu chake Elimu ya Kujitegemea, kilichotolewa Machi 1967, alitaka shule imjenge mtoto katika mambo matatu: awe na akili ya kudadisi, awe na uwezo wa kujifunza kwa wengine, akikubali au kukataa au kurekebisha kadiri ya mahitaji yake, na awe mtu anayejiamini, aliye huru na sawa na wenzake, anayethaminiwa kwa yale anayoyatenda na si kwa yale anayoyapata. Mwandishi huyu alikuwa amefundisha darasani Tabora na Pugu kabla ya kuongoza nchi. Alijua vizuri shule ya kikoloni ilivyozoeza watoto kutii na kukariri.

Hata hivyo, yatupasa kukihakiki kijitabu hiki pia. Sehemu kubwa ya hoja yake inakwenda kwenye muundo wa shule: mitihani, umri wa kuanza, na shamba la shule. Juu ya kile ambacho mwalimu afanye pale udadisi wa mtoto unapozaa jibu ambalo mwalimu hakulitaka, kijitabu hakikai sana. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyesoma shule za Tanzania katika miaka ya 1970. Wito wa akili ya kudadisi ulipofika shuleni ulikuwa umegeuka kuwa jembe. Watoto walilima, mara nyingine shamba la mwalimu, na jioni ikaandikwa kwamba Elimu ya Kujitegemea imetekelezwa. Jembe linahesabika na ekari zinapimika, bali udadisi hauna mahali pa kuandikwa katika taarifa ya mwezi.

Nalitaja jambo hili kwa sababu hatari ile ile inatukabili leo. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu, na ni jambo jema. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, pamoja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, inasisitiza umahiri na stadi, na hilo nalo ni jema. Lakini kishikwambi, kama lilivyokuwa jembe, ni kitu kinachohesabika. Tusipoangalia, taarifa zitajaa idadi ya vyombo vilivyogawiwa, na ile akili ya kudadisi itangoja tena kizazi kingine.

Redio na jirani

Kuna wakati nchi hii ilijaribu chombo kwa namna nyingine, na jaribio hilo linastahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, iliyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na wizara na Radio Tanzania. Watu wapatao milioni 2 walishiriki kwa vikundi nchini kote. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Watu walikusanyika mbele ya redio pamoja na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo mafupi. Walisikiliza kipindi. Mmoja alisoma kwa sauti sehemu ya kitabu inayohusika na kipindi hicho, maana wengi hawakujua kusoma. Kisha redio ikazimwa, wakajadiliana, na mwisho wakaamua jambo la kutenda: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka majani karibu na nyumba.

Naomba msomaji azingatie pale redio ilipozimwa. Waliopanga kampeni ile walielewa kwamba chombo kina kikomo, na kwamba baada ya kikomo hicho lazima awepo jirani. Sauti kutoka Dar es Salaam haikuweza kujua kwamba katika kijiji fulani cha mwambao udongo ni wa mchanga na shimo la choo huporomoka. Jirani alijua. Redio haikuweza kungoja jibu la mtu, kikundi kiliweza.

Sisi Walutheri tunayo kumbukumbu yetu inayofanana na hiyo. Kituo cha Radio Sauti ya Injili kilianza kurusha matangazo kutoka Addis Ababa mwaka 1963, kikisaidiwa na studio za makanisa katika nchi mbalimbali, mojawapo ikiwa Moshi, hadi kilipotwaliwa na serikali ya kijeshi ya Ethiopia mwaka 1977. Mitambo ya Addis Ababa ilipotwaliwa, studio za wenyeji hazikuwa na sababu ya kunyamaza, na studio ya Moshi iliendelea kutayarisha vipindi.

Lakini hata Mtu ni Afya ilikuwa na mpaka wake. Ujumbe ulikuwa umekwisha kuamuliwa. Kikundi kilijadili namna ya kuchimba choo. Hakikuulizwa kama kina ugonjwa mwingine unaokisumbua zaidi. Ukaribu wa watu ulikuwepo, ila fikra mpya ilipewa nafasi finyu. Hivyo tunajifunza kwamba mambo haya mawili, yaani uhusiano wa watu na fikra huru, hayaji pamoja yenyewe. Mtu anaweza kukaa karibu nawe kila siku na bado asitake kusikia usilolisikia kwake.

Vishikwambi vya Tanga na darasa la Nyarugusu

Tutoke kidogo ziwani twende upande wa pili wa nchi, kwa sababu jaribio kubwa la karne hii la kufundisha watoto kwa chombo pasipo mwalimu lilifanyika Tanzania, katika Mkoa wa Tanga. Mashindano ya kimataifa ya Global Learning XPRIZE, yaliyotangazwa mwaka 2014 yakiwa na zawadi za dola milioni 15, yaliwataka watengenezaji wa programu wabuni kitu kitakachomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa miezi 15 kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wanaokaribia 3,000 katika vijiji vipatavyo 170 walitumia vishikwambi vyenye programu za Kiswahili. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi yao ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwaka 2019 zawadi kuu iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Haya si matokeo ya kudharauliwa. Mtoto aliyekuwa nje ya shule, ambaye sasa anasoma jina lake, amepewa kitu ambacho hakuna mhakiki mwenye haki ya kukibeza. Lakini tulitazame jaribio lenyewe kwa makini. Lilipewa sifa ya kuwa elimu pasipo mwalimu. Na bado katika vijiji vile palikuwa na vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua, na palikuwa na watu wazima, akina mama wa kijiji, waliokabidhiwa kuviangalia na kuwatia watoto moyo. Watoto nao walikaa pamoja na kuoneshana. Waliopanga hesabu waliwapima watoto na programu. Yule mama hawezi kuonekana vizuri katika hesabu kama hiyo. Aidha, kilichopimwa kilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu, mambo ambayo jibu lake sahihi linajulikana kabla mtoto hajafungua kinywa. Katika mambo hayo chombo ni hodari, na tukiri hivyo. Jaribio lile halikuuliza, wala halikukusudia kuuliza, kama mtoto alipata mtu wa kumsikiliza akisema jambo ambalo halimo katika programu.

Sasa turudi Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mwaka 2015 ilipokea pia Warundi wengi, ambao sehemu yao walifika kwanza katika kijiji cha Kagunga, ufukweni mwa ziwa karibu na mpaka, na kusafirishwa kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma. Kanisa letu halikuwa geni kwa watu wa namna hii. Shirika la TCRS lilianzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya kuwahudumia wakimbizi. Katika kambi hiyo ulifika mpango wa UNHCR na Vodafone Foundation ulioanza mwaka 2013, ambao huifanya chumba kimoja cha shule kuwa darasa lenye umeme wa jua, intaneti, vishikwambi na projekta. Jambo linalonivutia katika mpango huo ni kwamba waliouandaa waliweka ndani yake walimu waliofundishwa na msimamizi katika kila kituo. Hawakuliacha sanduku peke yake.

Fikiria mtoto aliyevuka ziwa au mpaka na kuacha ndugu nyuma. Intaneti inaweza kumpa ramani ya nchi aliyoikimbia, historia yake na lugha zake. Lakini akiandika insha juu ya siku aliyovuka, nani ataisoma? Chombo kinaweza kumsahihishia tahajia. Hakiwezi kunyamaza mbele ya insha hiyo kama anyamazavyo mtu aliyeelewa, kwa maana kunyamaza kwa chombo hakumgharimu kitu. Mwalimu akisoma insha ile habaki alivyokuwa. Amepata wajibu kwa mtoto yule, na mtoto anaujua.

Daftari la Gombe

Msomaji anaweza kudhani kwamba nasifu tu ukaribu wa watu na kusahau nusu ya pili ya hoja, yaani fikra mpya. Kwa hiyo twende kaskazini mwa mji wa Kigoma, Gombe. Julai 1960 alifika hapo kijana wa Kiingereza, Jane Goodall, asiyekuwa na shahada ya chuo kikuu. Louis Leakey, aliyemtuma, aliona kutokuwa na shahada kuwa faida: hakuwa na majibu aliyokwisha kufundishwa kuyaona. Kwa miezi kadhaa sokwe walimkimbia. Alikaa, akangoja. Novemba mwaka huo alimwona sokwe akitumia kijiti kuvua mchwa kutoka katika kichuguu, jambo lililowalazimu wataalamu kufikiri upya juu ya mpaka waliouweka kati ya mwanadamu na mnyama. Baadaye, alipokuwa Cambridge, aliambiwa kwamba alikosea kuwapa sokwe majina badala ya namba. Hakukubali. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91.

Sehemu ya habari hii isiyosimuliwa mara nyingi ni ya watu wa mwambao wenyewe. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa Kongo wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni hapo Gombe. Wageni walipoondoka kwa sababu ya usalama, kazi haikufa. Watafiti wasaidizi wa Kitanzania, watu wa vijiji vya Kigoma, ambao wengi wao hawakuwa na elimu ya juu, waliendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika waliyoyaona kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya sifa ya Gombe duniani imejengwa juu ya uaminifu wa madaftari hayo.

Nini kiliwawezesha? Kwanza, walikuwa na mtu aliyetaka kujua walichokiona, naye hakuwa anakijua kabla. Hapo ndipo fikra mpya huzaliwa. Mtu huandika kwa uangalifu anapojua kwamba kuna anayengoja, na huandika kweli anapojua kwamba anayengoja hana jibu mfukoni. Si ajabu kwamba mwaka 1991 Goodall alipoanzisha Roots & Shoots jijini Dar es Salaam pamoja na wanafunzi 12, alianza kwa kuwasikiliza vijana waliomjia na maswali yao.

Towashi katika gari

Hapa theolojia ina neno lake la kusema. Katika Matendo 8 tunakutana na towashi wa Ethiopia. Alikuwa na kila chombo cha wakati wake: gari la kusafiria, uwezo wa kusoma, na chuo cha nabii Isaya, ambacho hakikuwa mali ya mtu wa kawaida. Anasoma kwa sauti, na maneno anayoyasoma ni Neno la Mungu lenyewe. Filipo anapomwuliza kama anaelewa, towashi anakiri kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza, naye anamkaribisha apande aketi pamoja naye. Tuone mambo mawili. Filipo hakuanza kwa kutoa jibu. Alianza kwa kuuliza, kisha akaanzia pale towashi alipokuwa anasoma. Na baada ya ubatizo Filipo anaondolewa, naye towashi anaendelea na safari yake akifurahi. Mwalimu wa kweli huketi pamoja na mwanafunzi, na mwalimu wa kweli huondoka.

Martin Luther naye hakuogopa vyombo. Aliitumia mitambo ya uchapaji kuliko wengi wa zama zake, na mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka waanzishe shule na maktaba. Lakini baada ya kuzikagua sharika za Saksonia mwaka 1528, aliona kwamba vitabu vimejaa na watu hawajui. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ilitokana na uchungu huo. Ilichapwa, hata kwa karatasi za kubandika ukutani. Yaani ilikuwa chombo. Ila ndani yake aliweka swali linalorudiwa baada ya kila amri na kila sehemu, swali la maana, na akamkabidhi mkuu wa nyumba aliulize kwa watu wa nyumbani mwake. Karatasi ilibaki ukutani. Swali liliulizwa na baba au mama, kwa kinywa, kwa mtoto anayemjua kwa jina.

Pingamizi mbili

La kwanza litatoka kwa mwalimu wa shule ya msingi. Atasema, "Mchungaji, mimi nina watoto mia darasani. Nimngoje yupi?" Pingamizi hili ni zito, wala sitalijibu kwa mahubiri. Mbele ya darasa kama hilo chombo ni msaada wa kweli, na anayemnyima mwalimu huyo kishikwambi kwa jina la utu hajawahi kusahihisha madaftari mia. Lakini tukubaliane msaada huo ni wa nini. Kama chombo kitafundisha silabi na jedwali la kuzidisha, basi muda kinaouokoa ni mali ya watoto. Urudishwe kwao kwa namna ya mwalimu anayepita kati yao na kuuliza. Ukichukuliwa kuwa sababu ya kuongeza watoto wengine mia, tumeibiwa.

La pili litatoka kwa wazee wetu. Watasema kwamba kukariri si dhambi. Katekisimo yenyewe hukaririwa, na Ujiji watoto wamekariri Kurani juu ya mbao za kuandikia kwa vizazi vingi. Nakubali. Luther aliagiza kwamba maneno yafundishwe kwanza kama yalivyo, maana baadaye. Na mtoto wa chuo cha Kurani hakukariri mbele ya ubao mtupu. Alikariri mbele ya mwalimu aliyemsikiliza yeye peke yake, zamu yake ilipofika. Katika mashairi yetu ya malumbano, mjibu hushika vina na mizani ya mwenzake, kisha husema lake. Kumbukumbu humpa mtu maneno. Linalobaki ni kama yupo atakayemwuliza maneno hayo yana maana gani kwake.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba vyombo vya kufundishia vimeleta mema kila mara vilipokubali kuzimwa kwa wakati wake, na kwamba shule inayodai tu kurudishiwa majibu yake yenyewe ilikuwa ya mashine kabla mashine haijafika. Hofu yetu ya akili unde, kwa sehemu kubwa, ni aibu ya kuona kazi tuliyokuwa tukiifanya ikifanywa upesi zaidi.

Kwa vyuo vyetu napendekeza mambo matatu. Kwanza, turudishe mtihani wa mdomo, ambamo mwanafunzi hutetea alichokiandika mbele ya mtu anayemwuliza, hata kama alisaidiwa na chombo kukiandika. Pili, mahubiri ya mazoezi yasipokelewe mpaka mwanafunzi ataje mtu mmoja wa usharika aliyeketi naye na swali ambalo mtu huyo aliuliza. Tatu, sisi walimu tuweke katika kila mtihani swali moja ambalo hatuna jibu lake, na tulisahihishe kwa uaminifu.

Hili la tatu ndilo gumu, nami nimelianza kwa kuchelewa. Swali la kwanza nililoliweka lilikuwa la yule mama wa mwambaoni, juu ya mtu asiye na kaburi. Nilipokea majibu kumi na manne, na hapakuwa na mawili yaliyofanana. Kuyasahihisha kulinichukua siku nne, na kabla sijamaliza ilinibidi nifungue tena Agano la Kiyunani.